Mwaka Ulioandikwa Kwenye Chupa

Mtungi wa kioo wa Kimarekani wenye maandishi "Mason's Patent Nov 30th 1858" humtia wazimu mnunuzi mgeni: tarehe anaiona, pesa anatoa. Kumbe siku hiyo ni ile ambayo John Landis Mason alipewa hataza ya mdomo wenye hesi, ili kifuniko kifungwe kwa kuzungushwa. Hataza iliisha 1879, na viwanda vikaendelea kupiga tarehe ile ile hadi karne ya 20. Mtungi huo unathibitisha jambo moja tu: haukutengenezwa kabla ya 1858.

Uingereza kuna mtego wa aina hiyo. Kuanzia 1842 hadi 1883, miundo iliyosajiliwa ilipigwa alama ya almasi yenye herufi Rd katikati na kiduara juu; ndani ya kiduara, III ni kioo. Herufi ya mwaka ilikaa chini ya kiduara hadi 1867. Mwaka uliofuata ikahamishiwa kona ya kulia, palipokuwa na namba ya siku. Kuanzia 1884 zikaja namba za mfululizo. Lakini zote hutaja siku ya kusajili muundo, na bilauri iliyo mkononi yaweza kuwa changa zaidi kwa miaka mingi.

Mimi huamini zaidi alama ambazo fundi hakukusudia kuziacha. Pindua chupa. Kovu lenye makali katikati ya kitako ni la pontili, fimbo ya chuma iliyoshikilia chupa ya moto wakati mdomo ukimaliziwa. Huko Marekani fimbo hiyo iliachwa kwa sehemu kubwa kufikia miaka ya 1860. Kisha fuata mshono wa kalibu kwa ukucha. Ukiishia shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukipita hadi juu ya mdomo, ni kazi ya mashine. Chupa nyingine hazina mshono kabisa, kwa kuwa zilizungushwa ndani ya kalibu mshono ukafutika, na nyingi kati ya hizo ni za mvinyo. Mashine ya Michael Owens wa Toledo, Ohio, iliyokamilika 1903, ilinyonya kioo kutoka tanurini na kukikata kwa kisu, ndiyo maana kitako cha chupa zake kina duara la mikunjo, mara nyingi limekaa upande.

Kampuni ya Owens-Illinois, iliyoundwa 1929, ilipiga almasi iliyopishana na yai lenye herufi I ndani yake. Namba ya kushoto ni ya kiwanda, ya kulia ni ya mwaka, lakini kwa tarakimu moja tu! Je, 1 ni 1931 au 1941? Tafuta neno Duraglas kwa mwandiko wa kuunganisha. Lilianza 1940, kwa hiyo chupa yenye neno hilo haiwezi kuwa ya 1931. Katikati ya miaka ya 1950 almasi ikaondolewa.

Rangi ni shahidi dhaifu. Kioo kilichotiwa manganizi ili kiwe cheupe, desturi iliyoenea kuanzia miaka ya 1880 hadi Vita Kuu ya Kwanza, hugeuka zambarau kikianikwa juani miaka mingi. Siku hizi wapo wauzaji wanaozipiga chupa hizo mionzi zikolee zambarau haraka, kisha wanapandisha bei. Zambarau nzito mno, iliyokolea kuliko inavyoweza kufanya jua, ni ya kutiliwa shaka.