Uzuri wa Mkakasi

Tamaa ya kujipamba ni ya kale kama binadamu mwenyewe. Wamisri wa zamani walijipaka wanja. Wamasai hujipaka udongo mwekundu uliokorogwa kwa mafuta. Wanawake wa pwani yetu husaga liwa na kuponda majani ya hina. Walakini, msomaji, iko tofauti moja kubwa kati ya vipodozi hivyo na vile vinunuliwavyo dukani. Liwa husagwa mbele ya macho yako, pengine kwa mkono wa nyanya yako. Krimu ya dukani hutoka kiwandani, nawe humjui aliyeitengeneza. Shahidi wako ni maandishi madogo yaliyo ubavuni mwa mkebe. Maandishi hayo yana historia yake, nayo ilipatikana kwa gharama ya macho, figo na maisha ya watu.

Kwanza, yafaa ujue krimu ni kitu gani. Tabibu Galen, aliyeishi Roma katika karne ya pili baada ya Kristo, husifiwa kwa kuchanganya nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Kama ujuavyo, maji na mafuta hayapatani. Nta ndiyo iliyoyasuluhisha. Krimu nyingi za leo ni usuluhishi wa namna hiyo hiyo: maji, mafuta, kitu cha kuyashikamanisha, dawa ya kuzuia kuoza, na manukato. Baadaye viliongezwa vitu vingine. Katika mwaka wa 1779 Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi aligundua gliserini, ambayo huvuta unyevu na kuulainisha mwili. Katika mwaka wa 1872 Mmarekani Robert Chesebrough alipata hataza ya mafuta mazito yaliyosafishwa kutokana na petroli ya ardhini, akayaita Vaseline. Vitu hivi vimewafaa watu, na hatuna ugomvi navyo.

Lakini si kila kilichotiwa mkebeni kilikuwa rafiki wa ngozi. Kwa karne nyingi mabibi wa Ulaya walijipaka poda nyeupe ya madini ya risasi ili nyuso zao zionekane laini na safi. Risasi iliwaharibu ngozi, nao wakazidi kuipaka ili kuficha madhara yake. Maria Gunning, mke wa mwinyi mwenye cheo cha Earl wa Coventry huko Uingereza, alisifiwa sana kwa uzuri. Alifariki mwaka wa 1760 kabla ya kutimiza miaka 30, na wengi wamekihusisha kifo chake na poda hiyo.

Usidhani kwamba ujinga huo ulikwisha elimu ilipoenea. Katika miaka ya 1930 iliuzwa Ufaransa krimu iliyoitwa Tho-Radia, yenye thoriamu na radiamu, madini yatoayo miali iunguzayo mwili. Wauzaji hawakuyaficha madini hayo. Waliyatangaza kwa fahari, maana wakati huo neno radiamu lilikuwa na sauti ya sayansi na maendeleo. Tena walilitumia jina la daktari mmoja, Alfred Curie, ambaye hakuwa na udugu wowote na mwanasayansi mashuhuri Marie Curie. Hapa pana fundisho: kuandikwa kwa jina la kitu hakumfai msomaji asiyejua maana yake.

Wakati huo huo, huko Marekani, iliuzwa rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na kemikali iitwayo parafenilinidayamini. Katika mwaka wa 1933 wanawake waliumia vibaya. Mmoja wao alipofuka kabisa. Serikali haikuweza kuiondoa rangi hiyo madukani, kwa sababu sheria yake ya mwaka wa 1906 ilihusu vyakula na dawa, wala haikugusa vipodozi. Ilipopitishwa sheria mpya ya mwaka wa 1938 ndipo ilipopata nguvu hiyo. Kemikali yenyewe haikutoweka duniani. Imo hata leo katika rangi nyingi nyeusi za nywele, na baadhi ya watu wa pwani huitumia rangi hiyo kama piko ya kuchorea maua mwilini. Huo si mti wa hina, na wako walioungua ngozi kwa kuichanganya miwili hiyo.

Sasa tuje kwetu. Katika mwaka wa 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 wa figo waliokuwa wamevimba miili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake ya asili. Kisha hupenya mwilini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu. Baadhi ya wagonjwa waliofuatiliwa walipata nafuu baada ya kuiacha. Katika mwaka wa 1976 Jumuiya ya Ulaya iliikataza zebaki katika vipodozi vya watu wake, isipokuwa kidogo katika vile vya macho. Hata hivyo sabuni zenye zebaki ziliendelea kutengenezwa huko na kuletwa Afrika kwa miaka mingi. Yaliyokatazwa kwao yakaruhusiwa kwetu. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vya zebaki na vya haidrokwinoni mwaka wa 1998, na Mkataba wa Minamata wa mwaka wa 2013 ukaifanya vita dhidi ya zebaki kuwa ya dunia nzima. Walakini krimu hizo bado hupenyezwa sokoni.

Basi, ushikapo mkebe, usome. Kwa kawaida viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Aqua ni maji tu; parfum ni manukato; Cocos nucifera ni mnazi, jirani yetu wa siku zote, aliyevaa jina la Kilatini. Bali ukiona calomel au mercurio, hiyo ni zebaki. Na ukionywa usiigusishe krimu na pete ya dhahabu au fedha, jiulize kwa nini. Wala usidanganywe na neno asili, kwa maana risasi na zebaki nazo ni za asili. Mkebe usio na orodha yoyote ya viungo uuache dukani.

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wao iliwabidi waufungue mkakasi ndipo waujue. Wewe umepewa maandishi ya kukuonya kabla hujaufungua, na ngozi uliyozaliwa nayo haina badala yake dukani.