Uzima, Uzazi na Mapendo: Mahubiri ya Ndoa kutoka Kamina hadi Ruwe

Waraka wa Papa Pius XI, Casti connubii, wa mwaka 1930, uliwataka wanandoa Wakatoliki wawe tayari kupokea watoto. Namna fundisho hilo lilivyopata sura ya pekee katika Kiswahili cha Katanga ni habari inayoanzia Kamina.

Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, akatumika kwa miaka mingi miongoni mwa Waluba wa eneo la Kamina. Katika La philosophie bantoue, kitabu kilichotolewa Elisabethville mwaka 1945, alidai kwamba kwa Wabantu kuwako ni kuwa na nguvu ya uhai. Wanafalsafa wengi wamemkosoa kwa kuwajumlisha Wabantu wote. Hata hivyo, kwa mahubiri ya ndoa, lililozaa matunda ni wazo lake la baadaye: kwamba mwanadamu hutamani mambo matatu, yaani uzima, uzazi na mapendo.

Mwaka 1953 Tempels alihamia Ruwe, kambi ya wachimba madini karibu na Kolwezi, ambako kundi lililoitwa Jamaa lilikua. Wafanyakazi walitoka makabila mengi. Kwa hiyo mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imewahimiza wafanyakazi waishi na wake zao tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa kuwa watoto wa kambini walikuwa vibarua wa kesho. Jamaa ilisema neno jingine. Mume na mke walifundishwa pamoja, na mtoto alitazamwa kuwa tunda la mapendo yao.

Zaidi ya hayo, uzazi haukuishia mwilini. Wanandoa waliowaongoza wengine katika mafundisho walihesabiwa kuwa wamewazaa, wakaitwa baba na mama. Maana yake ilikuwa nzito: katika jamii ambamo mke asiyezaa hulaumiwa, hata nyumba isiyo na mtoto iliweza kuwa na kizazi.

Lakini neno hilohilo ndilo lililoleta mgogoro. Mapadri nao waliingia Jamaa kwa kuongozwa na wanandoa; je, mlei anaweza kumzaa padri? Tempels aliondoka Kongo moja kwa moja mwaka 1962. Waraka Humanae vitae ulipotoka mwaka 1968, mabishano ya ulimwengu yalihusu njia za kuzuia mimba. Katika Katanga swali kubwa lilikuwa la mamlaka, na katika miaka ya 1970 maaskofu waliibana Jamaa, huku baadhi ya vikundi vikijitenga.

Johannes Fabian, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1971, aliyachambua mafundisho hayo kama matini za Kiswahili zenye kanuni zake. Mtazamo huo una faida kwa wanahistoria wa lugha: uzazi, neno la kila siku nyumbani, lilipanuliwa na wachimba madini na wake zao hadi likawa hoja ya kidini ambayo Kanisa lenyewe lililazimika kuijibu.