Flashi ya kuendeshea Linux

Flashi ya kuendeshea Linux ni kifaa cha USB kilichowekwa mfumo endeshi wa Linux, ili kompyuta iwake kwa mfumo huo bila kugusa diski yake ya ndani. Matumizi haya yalitanguliwa na sidii za Linux za aina ya Knoppix, iliyotolewa na Mjerumani Klaus Knopper mwaka 2000.

Kasi. Pakiti nyingi hutangaza kasi ya kusoma faili moja kubwa mfululizo. Mfumo endeshi hauendi hivyo. Kivinjari kikifunguliwa tu, vipande vingi vidogo, vingi vikiwa vya kilobaiti 4, husomwa na kuandikwa huku na huku. Flashi inayonakili sinema upesi huweza kukwama hapo: kishale kinasogea, dirisha halifunguki. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kasi ya kuandika vipande vidogo. USB 3.0, ya mwaka 2008, ina kikomo cha gigabiti 5 kwa sekunde dhidi ya megabiti 480 za USB 2.0, lakini haiwezi kuiponya flashi yenye chipu dhaifu.

Uimara. Seli za flashi huchakaa kila zinapofutwa na kuandikwa upya. Linux iliyosakinishwa kikamilifu huandika mara kwa mara, hivyo inafaa iwekwe kwenye SSD ya USB, ambayo kwa kawaida husambaza vizuri zaidi uchakavu huo. Flashi ya bei nafuu inatosha kwa mifumo isiyoandika sana. Kwa mfano, Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, huweza kujipakia yote kwenye RAM.

Ukubwa. Tails, aina ya Linux inayolenga faragha, huhitaji angalau GB 8. Kwa usakinishaji kamili wa Ubuntu, GB 32 hubana mapema. GB 64 huacha nafasi ya programu, masasisho na faili.

Flashi bandia. Baadhi huidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake, na data inayozidi uwezo halisi hupotea kimyakimya. Programu ya F3 huijaza flashi na kuisoma upya ili kufichua udanganyifu huo. Jaribio hili lifanywe kabla ya kusakinisha.

Usalama. Kifaa kidogo hupotea kirahisi. Data ifungwe kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski, na nakala ya kazi iwekwe mahali pengine, kwa sababu flashi huweza kufa ghafla bila dalili.