Mwalimu Aliyewatafutia Wasafiri Malazi

Wahenga walinena kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Lakini kijana asiye na fedha atalala wapi ugenini? Jawabu, ndugu walimu, lilitolewa na mwalimu mwenzetu.

Mnamo Agosti 1909, Richard Schirrmann wa Ujerumani aliwaongoza wanafunzi wake kwa miguu kutoka Altena kuelekea Aachen. Njiani walikumbwa na tufani, wakajihifadhi katika shule ya kijiji iliyokuwa likizoni, wakalalia majani makavu ya mkulima. Wanafunzi walilala, mwalimu alibaki macho akiwaza: mbona madarasa hukaa matupu wakati wa likizo, ilhali vijana wasafiri hawana pa kujilaza?

Wazo hilo halikupotea. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ngome ya kale ya Altena iligeuzwa malazi ya vijana kwa malipo madogo. Mwaka 1932, vyama vya nchi kadhaa viliungana mjini Amsterdam, na kijana mwenye shanta akaweza kuvuka mipaka.

Nasi yafaa tujiulize: madarasa yetu yanayofungwa kila likizo, je, hayawezi kuwapokea wanafunzi wa nchi jirani, wakaja kujifunza Kiswahili miongoni mwetu?