Soni ya Wagusii na Macho ya Wageni

Msomaji, ukifika Nyamira kwa mara ya kwanza, ukamsikia mtu mzima akimwita mama yake "baba", usimcheke, wala usidhani kwamba masikio yako yamekudanganya. Katika Ekegusii neno "baba" maana yake ni mama, naye baba huitwa "tata". Mtu wa Lamu na mtu wa Kisii wote wawili wamezaliwa katika lugha za Kibantu, na maneno yao mengi ni ndugu. Lakini hapa ndugu mmoja amegeuka, na mgeni asiyejua huweza kwenda matangani akampa mtu pole kwa kufiwa na mzazi ambaye yu hai, tena amesimama pale pale. Kosa la neno ni jepesi, kwa maana husahihishwa papo hapo, na watu wakacheka. Ninalotaka kukueleza ni kosa la namna nyingine, nalo ni kuusoma uso wa mwenzako kana kwamba umeandikwa kwa lugha yako wewe. Kosa hilo halisahihishwi upesi, kwa sababu anayelifanya hajui kwamba amekosa. Na katika nchi ya Wagusii lina historia yake.

Neno la kulijua kwanza ni "ensoni". Kiswahili nacho kinalo: twasema mtu "ameona soni", yaani ameona haya. Lakini kwa Wagusii neno hilo limebeba mzigo mkubwa zaidi. Ensoni si fedheha ya mtu aliyetenda ubaya tu; ni mpaka uliowekwa baina ya kizazi na kizazi kinachokifuata. Mtoto wa kiume akiisha kupita jandoni huanza kuwa na mpaka na baba yake. Akioa, baba yake haingii katika nyumba yake. Mambo ya mwili na ya ndoa hayatajwi mbele ya wazazi, na wazazi hapa si wale wawili waliomzaa tu, bali wote wa daraja lao katika ukoo. Hatazami kwa ukali, hasemi kwa sauti kuu, hakai penye uzembe mbele yao.

Lakini angalia jambo hili. Kizazi kimoja kikirukwa, mpaka huondoka. Sokoro na magokoro, yaani babu na nyanya, hutaniana na wajukuu wao kwa uhuru ambao ungemshangaza mgeni. Vivyo hivyo watu wa rika moja. Philip Mayer, aliyewachunguza Wagusii katika miaka ya 1940, alichapisha mwaka 1951 makala juu ya utani wa marika, akaeleza jinsi wenzi wanavyoambiana matusi mazito ambayo mbele ya mzee yasingesemeka hata nusu yake, wala hapana anayekasirika. Basi kijana yule yule aliye kimya kama jiwe mbele ya baba yake, akivuka ua tu na kuwakuta wenzake, hupaza sauti na kucheka na kutukana. Mgeni aliyemwona asubuhi atasema ni mpole. Aliyemwona jioni atasema hana adabu. Nawe ukiniuliza yupi aliyemwona kijana mwenyewe, nitakujibu kwamba hapana hata mmoja. Kila mmoja ameona nafasi aliyosimama kijana kwa saa hiyo.

Sasa turudi nyuma kidogo. Serikali ya Kiingereza ilikwisha tuma askari katika nchi hii mwaka 1905, na mwaka 1907 ikafungua kituo mahali palipoitwa Getembe, ndipo ulipo mji wa Kisii leo. Wenyeji walipaita pia Bosongo, maana yake mahali pa Wazungu. Hata jina la Kisii si lile ambalo watu hawa hujiita. Wao ni Abagusii, na mmoja wao ni Omogusii. Katika maandishi ya mwanzo ya wakoloni utakuta pia jina Kosova. Kabla hawajasema neno, walikwisha kuitwa kwa majina yaliyotoka midomoni mwa wengine.

Mtawala aliyewekwa pale alikuwa G. A. S. Northcote, kijana wa miaka 26, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Yeye alijiona mtu wa sheria: alikuja kukusanya kodi ya nyumba, kuamua mashauri ya ng'ombe, na kuleta amani kama alivyoielewa. Wenyeji walimwonaje? Nionavyo mimi, shida yao ya kwanza ilikuwa kwamba Nyarigoti hakuwa na kizazi. Hakuwa tata wa mtu, wala sokoro wa mtu, wala rika la mtu. Kwa umri alistahili kukaa pamoja na vijana waliooa juzi. Kwa amri alitaka kutiiwa na wazee wenye wajukuu. Mzee aliyenyamaza mbele yake akatazama chini, Nyarigoti angeweza kusema moyoni kwamba amekubali. Huenda mzee alikuwa anamstahi tu, kama ambavyo angemstahi mgeni yeyote, au alikuwa amekwisha kukataa kabisa na haoni haja ya kubishana na kijana.

Sisemi kwamba vita vililetwa na macho. Vililetwa na kodi, na ng'ombe, na nchi kutwaliwa. Mwezi wa Januari 1908 kijana mmoja aitwaye Otenyo alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki. Masimulizi ya Wagusii humtaja pamoja naye Moraa wa Ng'iti, mwanamke mtabiri aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Northcote akapona. Wagusii wengi hawakupona, kwa maana jeshi la King's African Rifles lilipelekwa kuwaadhibu, nyumba zikachomwa moto, ng'ombe wakatekwa kwa maelfu, watu wakauawa kwa mamia. Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu wa waziri wa makoloni huko London, alizisoma habari hizo akahuzunika, akaandika kwamba hakuona haja ya kuendelea kuwaua kwa wingi namna ile watu wasioweza kujilinda. Neno hilo lilikuja wakati mashamba yalikwisha kuwa majivu. Northcote mwenyewe aliendelea na kazi yake hadi akawa Gavana wa Hong Kong, kuanzia 1937 hadi 1941. Katika karatasi za serikali Otenyo ni mwasi. Kwa Wagusii ni shujaa. Mtu ni mmoja.

Miaka karibu hamsini baadaye alikuja mgeni wa aina nyingine, asiye na bunduki wala daftari la kodi. Robert LeVine, Mmarekani, alikaa Gusii kuanzia 1955 hadi 1957, na mwaka 1966 yeye na Barbara LeVine wakatoa kitabu juu ya jamii waliyoiita Nyansongo. Alirudi tena katika miaka ya 1970 pamoja na wenzake, miongoni mwao madaktari wa watoto, na matunda ya kazi hiyo yakatoka kitabuni mwaka 1994. LeVine aliona jambo ambalo watawala hawakuwa na subira ya kuliona. Wagusii wanapozungumza hawakabiliani sana uso kwa uso. Huketi ubavu kwa ubavu, au mmoja akampa mwenzake bega, pengine hata mgongo, huku macho yakitazama ardhini au mbali. Na mazungumzo yakaendelea vizuri kabisa. Nenda leo ukawatazame wazee wawili wameketi kwenye kibaraza cha duka huko Keroka, uniambie kama ni uongo.

La ajabu zaidi lilihusu akina mama na watoto wachanga. Mama wa Boston alimtazama mtoto wake machoni, akamsemesha, akamchekesha, akafurahi mtoto alipopiga kelele za furaha. Mama wa Kigusii, mtoto alipoanza kuchangamka mno, aligeuza macho pembeni ili atulie. Hakumsemesha sana, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba mtoto hajui kusema bado. Wala hakumsifu alipokuwa mkubwa kidogo, kwa kuwa sifa za mbele ya uso humfanya mtoto kuwa mjeuri. Mmarekani aliyeyaona hayo kwa haraka angesema, "Mama huyu hana upendo." Lakini wataalamu wale walikuwa na busara ya kugeuza kioo. Waliwaonyesha akina mama wa Kigusii picha za sinema za akina mama wa Kimarekani. Nao waliudhika! Walimwona mtoto amelazwa juu ya meza akibadilishwa nguo, analia, na mama yake anamaliza kazi yake kwanza badala ya kumnyamazisha mara moja. Kwa mama wa Kigusii, ambaye mtoto wake hubebwa mchana na kulala naye usiku, na kunyonyeshwa kila aliapo, huo ulikuwa ukatili wa dhahiri. Kila upande uliuona mwingine baridi, na kila upande ulikuwa na ushahidi wake.

Msomaji, huenda umekwisha kuliona jambo hili darasani kwako. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na kila mwaka twawapeleka vijana wetu kufundisha katika shule za wilaya mbalimbali. Mwalimu mgeni humwita mwanafunzi aliyechelewa, akamwuliza sababu. Mtoto huinamisha macho. Mwalimu husema kwa hasira, "Nitazame ninaposema nawe!" Mtoto, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kumkazia macho mtu wa daraja la mzazi ni ufidhuli, huinama zaidi. Basi mwalimu huandika moyoni mwake: mwongo. Ndivyo adabu iliyofundishwa nyumbani kwa miaka kumi inavyoadhibiwa shuleni kwa dakika mbili.

Mahakamani mambo ni mazito kuliko hayo. Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza humruhusu hakimu kupima si maneno ya shahidi tu, bali na namna alivyojionyesha alipokuwa akitoa ushahidi, na mahakama ya rufani huliheshimu jambo hilo kwa kuwa yenyewe haikumwona shahidi. Ni kanuni yenye manufaa. Lakini hakimu anayemwona mzee akisema na sakafu, ni lazima ajue sakafu ile ina maana gani kwao.

Mpaka hapa waweza kudhani kwamba kosa hili ni la wageni peke yao, na kwamba Wagusii wao kwa wao husomana pasipo shida. Laiti ingekuwa hivyo. Desturi ya kuficha hisia ina upande wake wa pili. LeVine aliandika jinsi mtu alivyojihadhari asitangaze heri yake: mwanamke hakuisema mimba yake, wala mwenye mali hakujigamba, kwa kuogopa kijicho cha jirani. Na mahali ambapo watu hawasemi yaliyo moyoni, jirani hujaza mwenyewe. Mtoto akifa ghafla, yule jirani mkimya aliyepita jana bila kusalimu sana huanza kutazamwa. Jina la kumpa lipo tayari, nalo ni omorogi, mchawi.

Mambo haya hayakuishia zamani. Mwezi wa Mei 2008 umati wa watu huko Kisii uliwachoma moto watu 11 kwa kuwashuku uchawi, wengi wao wanawake wazee. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa namna hiyo hiyo. Nchi imejaa watu: sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na katika Kisii kilomita moja ya mraba ina zaidi ya watu 900. Shamba lililomtosha babu sasa lagawanywa vipande kama mkate, na mara nyingi nyuma ya tuhuma ya uchawi umeonekana ugomvi wa ardhi au wa urithi. Lakini ugomvi wa ardhi upo mahali pengi duniani. Unapopata uso wa kuushika, uso usiosema kitu, hapo ndipo hugeuka moto.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 humwadhibu anayejidai mchawi, na humwadhibu pia anayemsingizia mwenziwe uchawi. Msingiziaji wa kweli, hata hivyo, ni shida kumshika, maana tuhuma huanza kwa kutazama na kunong'ona, nayo hutembea siku nyingi kabla ya kupata mdomo wa kuisema hadharani.

Mfikirie bibi kizee mmoja wa Kigusii, aliyezaliwa pengine katika miaka ya 1940, akilelewa na mama yule yule wa kugeuza macho. Anapita njiani na mzigo wa kuni, anatazama chini, hajibu kelele za vijana walioketi kwenye daraja na simu zao mikononi. Kwake yeye ndiyo heshima aliyofundishwa. Kwa vijana wale, ambao wamejifunza kutazama nyuso katika sinema na picha za simu, mtu asiyekutazama ana jambo analolificha. Na kwa hesabu ya ukoo, vijana hao ni wajukuu zake. Hao ndio watu ambao hapana soni baina yake na wao. Zamani wangemfuata mpaka nyumbani, wakaketi jikoni kwake, wakamtania, naye akawajibu kwa maneno ambayo baba zao wasingethubutu kuyasikia.