WAKILI NI NANI? AKINA MAMA, ARDHI NA SHERIA



Katika kutimiza miaka kumi, tumeona kijitabu hiki kisiishie kwenye hesabu za hisa na mikopo tu. Katika vikao vyetu hapa Kiriba kuna swali lisilokoma: shamba likigombaniwa, mama akimbilie kwa nani? Na huyo anayejiita wakili, tutamjuaje kuwa ni wakili kweli? Hebu tuanzie mbali kidogo.

Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961, mawakili Waafrika walikuwa wa kuhesabika. Mwaka huohuo Kitivo cha Sheria kikafunguliwa Dar es Salaam. Mwaka 1963 akaingia Bi. Julie Manning, mwanamke wa kwanza wa nchi yetu kusomea sheria hapo, na mwaka 1975 akateuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Mara nayo haikubaki nyuma. Ndugu Joseph Sinde Warioba, mwenyeji wa Bunda, alihitimu sheria hapo mwaka 1966, akaja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha Waziri Mkuu tangu 1985 hadi 1990. Wanasheria wanawake nao wakaanzisha chama chao, TAWLA, mwaka 1989, ili kuwasaidia akina mama wasio na uwezo.

Kwa nini haya yanatuhusu? Kwa sababu haki zetu nyingi zimepatikana mahakamani. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Yeye mwenyewe hakuambulia kitu siku ile, lakini wengi waliokuja nyuma yake wamepata. Halafu ikaja kesi ya Bi Holaria Pastory wa Kagera. Aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza. Mtoto wa ndugu yake akamshitaki, eti kwa mila mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasema Katiba hairuhusu ubaguzi huo, na mauzo yakasimama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaongeza nguvu: mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke haina nguvu tena, na katika wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, watatu wawe wanawake.

Sasa turudi kwa wakili. Kwanza awe na shahada ya sheria. Zamani baada ya hapo alifanya mazoezi ya kazi na kufaulu mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria. Tangu ilipoanzishwa Shule ya Sheria kwa sheria ya mwaka 2007, wahitimu hupitia huko. Kisha huapishwa na Jaji Mkuu, jina lake huandikwa kwenye Daftari la Mawakili, na kila mwaka hana budi kuhuisha cheti chake cha kufanyia kazi. Huwa pia mwanachama wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, kilichoundwa mwaka 1954. Hakuna cheti cha peke yake cha "wakili wa mashamba". Wakili ni huyohuyo, ila mwingine amezoea zaidi mambo ya ardhi. Wasaidizi wa kisheria wa vijijini, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, wanatufaa sana kwa ushauri, lakini hao siyo mawakili.

Basi akina mama, suti na mkoba visitubabaishe. Muulize mtu jina lake kamili, omba kuona cheti cha mwaka huu, uliza mahakamani kama yumo daftarini, na dai stakabadhi ya kila shilingi. Vishoka wapo, na fedha wanayokula ni jasho la hisa zetu.

Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mama usitie dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa ukaielewa.

Miaka kumi tumejifunza kuweka akiba. Kumi ijayo tujifunze kuilinda, pamoja na ardhi inayoizaa.