Kitabu cha IBM na Elimu ya Ndani ya Mashine

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa wale waliotaka kuiamrisha kompyuta bila ya mkalimani, wakisema moja kwa moja na kibodi, skrini na kumbukumbu yake, swali lilikuwa hili: wainame wapi?

Jibu lilipatikana Marekani mwezi wa Agosti 1981, kampuni ya IBM ilipoitoa PC yake, iliyoendeshwa na chipu ya Intel 8088. IBM ilichapisha pia kitabu cha ufundi ambacho hakikuficha mengi. Ndani yake mlikuwa na michoro ya saketi, hata maandishi kamili ya BIOS, yaani programu iliyokaa ndani ya mashine na kuiamsha inapowashwa. Aliyekisoma aliweza kuona, amri kwa amri, jinsi herufi inavyotoka katika kibodi.

Lakini kuonyeshwa si kupewa, kwa kuwa maandishi hayo yalilindwa na hakimiliki. Kampuni ya Compaq, iliyoanzishwa Houston mwaka 1982, ilipotaka kuunda mashine ipatanayo na ya IBM, iliwagawa watu wake mafungu mawili. Fungu la kwanza lilisoma maandishi na kueleza kazi zake tu. La pili, la watu wasiopata kuyaona kamwe, likaandika BIOS mpya kwa kufuata maelezo hayo. Hivyo kitabu kilichomfunza mtu ndicho kilichomzuia asiingie katika fungu la waandishi. Kutojua kukawa sifa.

Wala kitabu hicho hakikutosha. Baadhi ya amri za MS-DOS, mfumo wa kampuni ya Microsoft, hazikuelezwa katika vitabu vyake rasmi. Watunga programu walizivumbua kwa kuipeleleza mashine yenyewe, na Ralf Brown akazikusanya, kwa msaada wa wengi, katika orodha kubwa iliyotolewa bure.

Elimu hiyo haikupotea pamoja na mashine yake. Chipu za ukoo ule, hata zilizouzwa miaka arobaini baadaye, ziliendelea kuamka katika hali ya kizamani ya babu yao kabla ya kuingia katika nguvu zao mpya. Kwa hiyo mwanafunzi anayeanza na kitabu cha 1981 hapotezi wakati wake: anaanza pale ambapo mashine yenyewe huanza.